Heri Ambayo Hukuniuliza

*Kwa posta*
Kongolo, 9 Februari 1975

Citoyenne Kulthumu,

Nimefika salama. Wakubwa wa zone wamenipokea vizuri, nao wamenipa ruhusa ya kukaa katika nyumba ya marehemu baba yangu. Kila asubuhi ninakwenda kutia sahihi ofisini kwao. Siku ya salongo, kazi ya umma, ninafyeka barabara pamoja na wananchi wengine. Afya yangu ni nzuri na chakula kipo. Nisalimie mtoto wetu Asha, pia baba yako Mzee Alimasi kule Katuba.

Mwilambwe

*

*Kwa mkono wa Musonda*
Kongolo, 16 Februari 1975

Mama Asha wangu,

Sasa ndipo ninapokuandikia. Ile ya posta niliiandika juu ya meza ya mkubwa wa zone, naye amesimama nyuma ya bega langu anasoma kila neno. Nilipotaka kuandika "mpenzi" alikohoa.

Hii anakuletea binamu yangu Musonda, yule wa reli. Amekubali kubeba barua zetu kila treni yake inaposhuka Lubumbashi. Basi tuelewane hivi: kinachopita posta ni chao, kinachopita kwa Musonda ni chetu. Usiamini kingine.

Hatukupata nafasi ya kusemezana. Walinitoa darasani, na wewe, umembeba Asha, ukaniona kwa mbali tu pale stesheni, kati ya askari wawili. Nilikuwa ninakupigia kelele, lakini injini ilikula sauti. Nilitaka kukuambia kwamba sikuiba, sikupanga njama, sikukutana na mtu yeyote wa ng'ambo. Nilifundisha tu. Unajua lile somo langu la Wayunani wa zamani, jinsi walivyojiuliza upendo ni kitu gani. Nilidhani hakuna somo salama kuliko hilo. Watu wenyewe wamekufa zaidi ya miaka elfu mbili, nani atagombana nao?

Siku ile mwanafunzi mmoja aliuliza: "Citoyen mwalimu, mtawala anaweza kupendwa?" Ningesema ndiyo, tukapiga makofi, tukaenda kula. Lakini nilijibu kama mwalimu. Nilisema Wayunani waliona kwamba mtu anayetaka apendwe kwa nguvu mwishowe huwaogopa wote wanaopendana, kwa sababu hao hawamhitaji. Hata wale wanaopenda kucheka hawakucheka. Kabla wiki haijaisha askari walikuja, wakanifukuzia huku kijijini.

Sijui nani alipeleka maneno yangu. Wanafunzi walikuwepo wengi, na mwalimu mwenzangu Floribert alikuwa amekaa mbele, anaandika kama kawaida yake. Ninawapitisha wote kichwani mmoja mmoja, kisha ninajionea haya.

Je, shule bado wanakuacha ufundishe? Na nyumba? Nyumba ile ilikuja na kazi yangu, na kazi haipo tena. Ninaogopa kila ninapofikiri mtu anagonga mlango. Swali lingine ni la kijinga, usinicheke: kile kitabu changu cha Wayunani, walikichukua?

Wako,
Lucien (majina ya Kizungu wameyakataza, lakini kwako bado naitwa hivyo)

*

*Kwa mkono wa Musonda*
Makomeno, Lubumbashi, 4 Machi 1975

Baba Asha,

Musonda amekaa jikoni anakula bukari na sombe ya majani ya muhogo, nami naandika haraka kabla hajamaliza sahani.

Walichukua vitabu vyote, hata kile cha mapishi alichonipa Mama Directrice, mkuu wa shule yetu. Hicho chako hawakukiona. Kilikuwa chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni, mahali nilipokiweka mimi mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, nawe ukakitafuta siku nzima nami nikakaa kimya. Sasa meza inayumba tena, na mimi nasoma.

Ndiyo, nasoma. Nilitaka kujua ni kitu gani kilichonipokonya mume. Nasoma maji ya bukari yanapochemka na Asha anapolala. Kifaransa chake ni kigumu, wakati mwingine narudia ukurasa mmoja mpaka unga unaungua. Wayunani wako ni wanaume watupu, Baba Asha! Wanazungumza juu ya upendo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja anayeinuka kwenda kumwangalia mtoto anayelia.

Mmoja wao anasema anayependa ni mtu aliyepungukiwa, kwamba tunatamani kile tusichokuwa nacho. Nilikasirika. Ulipokuwa hapa, umekaa kwenye kile kiti, unanukia chaki, nilikupenda, na sikupungukiwa na kitu. Sasa hupo, na nakubali yule mzee alijua kidogo anachosema. Usiku naweka mkono upande wako wa kitanda, halafu nauondoa haraka kama niliyejichoma.

Papa alikuja kutoka Katuba na futi yake ya ushonaji bado shingoni. Alikuwa anashona suti za abacost za mkubwa mmoja wa chama, akaziacha mezani akaja. Hakukaa. Alisema: "Miye nilikuambia zamani, Kulthumu. Nilisema ule mwanaume wa dini ingine atakuletea mateso. Funga vyombo, turudie Katuba." Nikamwambia, "Papa, nikifunga vyombo, Baba Asha akirudi atanikuta wapi?" Akaniangalia sana. "Nani alikuambia atarudia?" akasema, akaenda zake.

Shuleni bado nafundisha. Walimu wenzangu wananisalimu, lakini wanasalimu huku wanatembea. Kuhusu nyumba, usisumbuke, watu wa kutusaidia wapo.

Kula. Usiniandikie kwamba chakula kipo. Niandikie unakula nini.

Kulthumu

*

*Kwa mkono wa Musonda*
Kongolo, 23 Machi 1975

Mama Asha,

Nakula muhogo, samaki wa mtoni, na matembele anayopika dada yangu Victorine. Umeridhika? Homa inanipitia mara moja moja, si kitu.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nakuona umesimama kwenye sufuria, kitabu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, unawagombeza wazee wa watu. Endelea mpaka kurasa za mwisho. Kuna mwingine aliyekuja baadaye, mtu mtaratibu zaidi. Yeye anasema kumpenda mtu ni kumtakia heri kwa ajili yake yeye mwenyewe, si kwa ajili ya faida unayoipata wewe. Kila nilipolisoma neno hilo nilikuwa nawafikiria watu wengine. Hapa kijijini ninajifikiria mwenyewe. Najiuliza: ninakutakia heri kwa ajili yako, au kwa sababu bila wewe mimi siwezi kusimama?

Sasa kitu kingine, nakuomba unijibu bila kunificha. "Watu wa kutusaidia wapo." Watu gani? Nilimuuliza Musonda. Hakutaka kusema, nikamkazania. Alisema alipofika kwako alimkuta mwanaume mwembamba mwenye miwani akitoka mlangoni, na Asha alikuwa anamlilia amrudishe juu ya magoti. Huyo ni Floribert. Nimesikia pia kwamba sasa ndiye anayefundisha somo langu.

Anakuja kufanya nini nyumbani kwangu? Kwa nini hukuandika jina lake?

Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta mara mbili. Nimeiacha.

Lucien

*

*Kwa posta*
Lubumbashi, 7 Aprili 1975

Kwa Citoyen Mwilambwe,

Ninakujulisha kwamba leo, mbele ya wakubwa, nimetia sahihi tamko la kuachana nawe. Nimeelewa makosa yako dhidi ya taifa na dhidi ya chama, nami sitaki kushirikiana nayo. Kuanzia leo mimi si mke wako. Nitamlea mtoto katika utii na uaminifu. Usiniandikie tena.

Citoyenne Kulthumu Alimasi,
mwalimu

*

*Kwa posta*
Kongolo, 25 Aprili 1975

Kulthumu,

Barua yako ya tarehe 7 imefika. Mkubwa wa zone alinisomea yeye mwenyewe kwa sauti, wahudumu wake wakiwa wanasikiliza, kisha akanipa. Niliingoja treni ya Musonda. Ilipofika hakuwemo. Niliingoja ya pili. Nikawauliza wenzake, wakasema hawajui, kahamishwa labda. Nikaelewa kwamba hakuna barua ya pili.

Sikulaumu. Nilikutoa kwenye nyumba ya baba yako, kwenye dini ya watu wako, nikakuahidi maisha ya utulivu, nikakuletea askari mlangoni. Wewe ni kijana bado. Una kazi, una paa, una mtoto wa kulea. Kama yupo mtu anayeweza kukulinda, mtu mwenye akili kuliko mimi ya kujua wakati wa kunyamaza, sitasimama njiani. Nafikiri unajua ninayemsema.

Niliandika kwamba najiuliza kama ninakutakia heri kwa ajili yako. Sasa nina nafasi ya kujibu. Ninakuacha huru. Uishi vizuri. Asha akikua, mwambie baba yake alikuwa mwalimu.

Sitaandika tena.

Mwilambwe

*

*Kwa mkono wa Musonda*
Makomeno, 10 Mei 1975

Lucien,

Leo sikuiti Baba Asha, maana nina hasira.

Musonda yuko hai. Treni ilipofika Kamina alianguka kwa ugonjwa wa tumbo, wakamlaza hospitali hukohuko wiki nyingi, hajui hata mchana wala usiku. Amerudi jana, mifupa mitupu, na begani mwake ana ule mfuko wake wa kazi, na ndani ya mfuko mna barua yangu ndefu ya tarehe 7 Aprili. Aliitoa huku analia. Mimi nilikuwa nimeshika ile yako ya posta. Tukakaa hivyo, kila mtu na karatasi yake.

Nakueleza upya yaliyokuwa ndani yake.

Floribert alikuja mara ya kwanza wiki uliyoondoka. Sikukuandikia jina lake kwa sababu nilijua utakaa huko kijijini unalitafuna. Nilikuwa namuonea shaka kama wewe. Siku moja nilimuuliza usoni, Asha akiwa amekaa juu ya magoti yake: "Floribert, ni wewe uliyepeleka maneno yake?" Akavua miwani. Akasema, "Waliniita. Wakaniomba daftari langu la somo. Walikuwa wameshasikia kwa wengine, walitaka maandishi tu." Nikasema, "Ukawapa?" Akasema, "Nikawapa, Mama Asha. Mkono wangu ulitangulia, mimi nikabaki nyuma." Akalia pale mezani, na meza ikayumba naye. Sikumfukuza. Sikumsamehe pia. Yeye ndiye aliyeniambia mapema kwamba wataniletea tamko, na kwamba nisiposaini watanitoa shuleni na ndani ya nyumba siku hiyohiyo. Alisema, "Saini, upate muda. Lucien ataelewa."

Ataelewa! Nami nilisema hivyohivyo. Nilitia sahihi, mkubwa akanisomea maneno ya kukuandikia, nikaandika kama mtoto anayeandika imla. Sikuwa na hofu hata kidogo. Tulielewana, wewe mwenyewe ndiye uliyeandika: cha posta ni chao. Usiamini kingine. Nilirudi nyumbani nikakuandikia ya kwetu, Musonda akaichukua jioni hiyo. Nilidhani utacheka ukisoma "utii na uaminifu."

Ukaamini. Miaka yote tuliyolala kitanda kimoja, na karatasi moja ya ofisi imeishinda. Hukuniita mwongo hata mara moja! Hukunigombeza! Ungeniandikia matusi ningefurahi, ningejua nimekuuma. Umeniandikia baraka.

Nimemaliza kitabu chako. Nimefika kwa yule mtaratibu wako wa kumtakia mtu heri kwa ajili yake. Maneno mazuri. Lakini heri yangu, Lucien, ni nani aliyekuambia ni ipi? Uliniuliza lini? Papa anajua heri yangu: nirudi Katuba. Yule wa ofisini anaijua: nisaini. Floribert anaijua: nipate muda. Na wewe, kule mbali, umekaa ukaijua pia, ukaniandikia imeshaamuliwa, nami nabaki kushukuru. Kila mtu ananitakia heri, na hakuna aliyegeuka kuniuliza, "Kulthumu, unataka nini?"

Sasa jibu swali moja. Kwa nini uliamini upesi hivyo?

Kulthumu

*

*Kwa mkono wa Musonda*
Kongolo, 20 Mei 1975

Mama Asha,

Nitajibu kwa ufupi, mkono wangu haushikilii kalamu vizuri.

Niliamini kwa sababu nilikuwa nimeingoja barua hiyo tangu tulipooana. Siku nilipokuoa, baba yako amesimama mlangoni na hataki kunipa mkono, nilisema moyoni: siku moja Kulthumu atagundua kwamba sitoshi. Wewe ulinipenda kama mtu aliyeshiba, mimi nilikupenda kama mwenye njaa. Sikukuambia. Mbele ya wanafunzi niliweza kuueleza upendo saa nzima, lakini nyumbani nilikuwa naangalia mlango. Basi karatasi ilipokuja nilisema, ndiyo hii. Na ile heri niliyokutakia, nusu yake ilikuwa kiburi. Nilitaka niwe mimi ninayeacha, nisiwe ninayeachwa.

Sina haki ya kukuomba kitu. Lakini nakuuliza, nimechelewa, najua: unataka nini?

Lucien

*Wifi, miye Victorine. Ametoka inje kidogo, njo ninaongeza haya nyuma ya karatasi. Alinikataza usijue, lakini miye sitanyamaza. Ile homa haimuachi. Tangu ile barua ya ofisi hakuli, ananipa sahani vile nilimuletea. Usiku anasema na weye, mara na bantu ba zamani, majina sijui. Dawa ya dispensaire imeisha. Kama uko na roho ya kukasirika, ukasirike, lakini ufanye mbio.*

*

*Kwa mkono wa Musonda*
Katuba, 3 Juni 1975

Kwa Lucien, bwana ya mutoto wangu,

Miye njo Alimasi Yuma, fundi cherehani. Sijakuandikia hata siku moja. Ninaandika na mukono yangu, kama iko mubaya utavumilia.

Kulthumu alikuya kwangu juma iliyopita na ile karatasi yako na maneno ya dada yako nyuma. Alinisomea yote. Nilimuambia, "Acha afe na Bayunani bake." Nilisema vile. Hakulia. Alisema, "Papa, bote munanitakia mazuri. Leo uniulize basi miye ninataka nini." Nilikuwa na abacost ya muntu mukubwa chini ya sindano. Nikasimamisha mashini. Nikamuuliza. Aliniambia.

Kesho yake alienda ku bureau, kwa bale bakubwa ba tamko. Nilienda naye, maana siwezi kumuacha mutoto muke aende ku bale bantu peke yake. Mukubwa alimuambia, "Citoyenne, ukienda kwa ule muntu, kazi imekufa, nyumba imekufa." Miye niliogopa, sitakudanganya, hata kama ile suti mukubwa alikuwa nayo ni miye nilishona. Kulthumu alitoa funguo mu mufuko ya kikwembe, nguo alijifunga, akaiweka ku meza. Akasema, "Ile tamko nilisaini, niliisaini juu ya kulinda nyumba. Nyumba njo hii, ninairudisha. Bwana yangu ninamuchukua." Mukubwa alituangalia. Nilifikiri batatufunga bote wawili. Alisema tu, "Mutoke." Sijui kama kesho batakuya. Ninasikiliza kila gari yenye kusimama mu barabara.

Leo asubuhi nilimupeleka ku gare na Asha. Musonda amebapatia nafasi mu behewa yake. Ule Floribert alileta dawa ya homa mingi mu karton. Sikumusalimia, lakini dawa niliifunga miye mwenyewe mu nguo, isipasuke. Hii barua iko kwa Musonda. Nimemuambia akupe kwanza, Kulthumu na mutoto bashuke nyuma, kusudi usiokote presha.

Sikukupenda, Lucien. Haukuwa wa dini yetu, na ulisema sana. Hata leo sijue kama ninakupenda. Lakini nilikaa mu nyumba tangu treni ilienda, mashini iko kimya, na ninaomba Mungu, kila sala, ukuwe muzima.

Kama unasoma haya, beko ndani ya treni, karibu na weye. Uache kusoma. Wende ukamupokee mutoto, mama yake amemubeba tangu Lubumbashi, na mikono yake imechoka.

Miye baba mukwe yako,
Alimasi Yuma